Tulivyofunga Njia ya Mbogo pale Katoyi

Sisi tuliokulia Katoyi, mtaa wa Goma, kabla kila mtoto hajapata simu ya kuinamia, tulikuwa na vita vyetu juu ya meza, na mpaka leo siombi msamaha kwa mtu. Mwenye kucheka acheke. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka mpira wa majani ya migomba na kuruka kamba. Nami navikumbuka vyote hivyo. Magoti yangu bado yana alama za mawe meusi ya volkeno. Lakini kitu kilichonikuza hasa ni mchezo mmoja wa kukaa kitako, mchezo wa maharagwe, dadu na maneno, na ndani yake kulikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote: sheria ya kumzuia adui anayekuja mbio.

Mchezo ulikuja na Kasereka. Alikuwa mtoto wa kaka mkubwa wa papa, baba yetu, huko Butembo. Baba yake alifariki mapema, na mama yake alipofariki naye, papa alimpandisha kwenye lori la mizigo akamleta Goma. Alishuka amevaa koti la mtu mzima, mikono imepotea ndani. Mama alimtazama, akamtazama papa, kisha akaenda kuongeza unga kwenye sufuria ya bugali. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya kumpokea. Kesho yake tulikuwa tunagombania blanketi kama watu waliozaliwa pamoja.

Shuleni kwao Butembo, shule ya kulala hukohuko, mwanafunzi mmoja mkubwa alikuwa amewafundisha mchezo kutoka kitabu cha Kifaransa. Kitabu kilibaki na mwenyewe. Kasereka alikuja na sheria kichwani tu, na pale kichwa kilipomwishia, aliongeza za kwake bila kutuambia.

Ulichezwa hivi. Mmoja wetu anakuwa msimulizi, na karibu kila mara alikuwa Kasereka. Yeye anatuambia tuko wapi, tunaona nini, nani anatujia. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mwenye jina, kazi na silaha. Mtu wako ni punje ya haragwe kwenye kartoni iliyochorwa viboksi kwa makaa. Vifuniko vya chupa ni maadui, mawe madogo ya volkeno ni kuta. Unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua kama ameweza. Tulikuwa na dadu moja ya ludo, yenye pembe moja iliyotafunwa na mdogo wangu, na Kasereka alidai ile pembe haikubadilisha kitu. Wote tulijua inabadilisha.

Tulichezea kwenye meza ya mama, ile aliyopangia maandazi asubuhi mbele ya parseli, kiwanja chetu. Mchana maandazi yakiisha, meza ilikuwa yetu. Ilinuka mafuta na sukari, na maharagwe yetu yaliteleza kwa sababu hiyo. Tulikuja kutoka shule na mashati meupe yaliyogeuka ya kijivu kwa vumbi, tumekemewa Kifaransa asubuhi nzima, na pale mezani ndipo Kifaransa kilipotusaidia kwa mara ya kwanza. Kasereka alikuwa anasimama, anavuta pumzi, anasema polepole: "Charge." Na sisi wote tunashikilia maharagwe yetu kwa vidole.

Maana charge, shambulio la mbio, lilikuwa jambo la kuogopwa kuliko yote. Adui akiwa na nafasi ya kutosha mbele yake, na njia iliyonyooka, anaweza kukimbia moja kwa moja hadi kwako. Mbio zile zinampa nguvu ya ziada: anaongezewa kwenye dadu, na akikupata, anakuumiza mara mbili. Lakini Kasereka alitufundisha kwamba mbio zina udhaifu wake. Anayekuja mbio hawezi kukata kona. Hawezi kuruka ukuta. Na mtu mmoja akisimama katikati ya njia yake kwa namna inayofaa, anaweza kumzuia asimfikie aliye nyuma.

Namna inayofaa ndiyo ilikuwa na masharti. Lazima uwe umetunza zamu yako, yaani ilipofika ulisema, "Nangoja," hukutembea wala hukupiga. Miguu yako iwe imetulia palepale. Uwe kwenye mstari wa mbio zake, si pembeni. Ukiwa na silaha ndefu, mkuki au mti, wewe unarusha dadu kwanza. Na kama mwenzako naye ametunza zamu yake na amesimama bega kwa bega na wewe, unaongezewa moja.

Bahati, rafiki yetu mkubwa, mtoto wa jirani, alikataa sheria hiyo siku ya kwanza. Watu wake walikuwa wa milima ya Masisi, wafugaji, na alikuwa ameona ng'ombe dume akikimbia. Alituambia kwamba hakuna mtu anayesimamisha kitu kile, labda awe mwehu. Na zaidi, alisema, mtu wa Masika, yaani wangu mimi, ni mwanamke muuza makaa mwenye mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Huyo mahali pake ni nyuma, aokolewe. Nilikataa kuokolewa. Nilisema mchi ni silaha ndefu, na kama hawataki, wapike sombe yao bila kutwanga.

Kasereka alifikiri, akaamua kesi kwa maneno ambayo nimeyatumia katika maisha kuliko mengi niliyofundishwa shuleni.

"Hauna haja ya kumushinda," alimwambia Bahati. "Una haja ya kumunyima mbio tu. Akisimama, anakuwa mutu kama wewe."

Basi nikawa mwenye kufunga njia. Kila tulipoingia kwenye msitu wa kartoni, mimi nilitembea mbele na mchi wangu. Niliangushwa mara nyingi. Lakini nilizuia wapanda farasi, nilizuia nguruwe wa porini, nilizuia hata lori moja lililokosa breki, ambalo Kasereka alilitunga siku alipokuwa na hasira na sisi. Papa akirudi kutoka safari zake za biashara alisimama nyuma yetu, bado ananuka vumbi na samli ya njiani, akasema yale maneno yake: barabara ya Butembo haipendi mutu wa haraka. Kisha akaomba kahawa. Hakuelewa mchezo, na hakujifanya anaelewa.

Sasa nifike kwenye mbogo.

Siku hiyo sikuwepo mezani, mama alikuwa amenituma mtaa wa Ndosho kununua makaa. Niliporudi nilikuta Bahati analia. Walikuwa wanavuka daraja, watu wote wa kikosi, na mbogo akatokea msituni. Bahati, yuleyule aliyesema hakuna mtu anayezuia, alimpeleka mtu wake mbio hadi mdomo wa daraja asimame katikati ili wengine wapite. Lakini alikuwa ametembea, hakutunza zamu, miguu haikutulia. Kwa sheria, hakuweza kufunga njia. Wengine walimwomba Kasereka amsamehe. Kasereka, macho yamemlenga machozi, alishika sheria. Mbogo alikimbia, dadu ikaanguka vibaya, na mtu wa Bahati akafa pale darajani.

Kufa katika mchezo wetu kulikuwa kufa. Haragwe lako lilitupwa kwa kuku. Bahati alikwenda kwao bila kuaga.

Kesho yake alishikwa na homa. Ilikuwa malaria, hospitali ndiyo walisema baadaye, lakini kabla hawajampeleka hospitali alilala akiweweseka, na mama yake aliyeketi karibu naye alimsikia akisema, "Anakuja. Anakuja mbio. Kasereka, musimamishe."

Katika avenue yetu, barabara ya mtaani kwetu, kulikuwa na mtu mmoja aliyeongoza chumba kidogo cha maombi. Tulimwita Mwombezi tu. Mama Bahati, mwenye hofu ya mtoto wake, alimweleza maneno aliyoyasikia. Mwombezi akauliza huyo Kasereka ni nani. Akaambiwa ni yatima, amekuja kutoka mbali, hakuzaliwa katika nyumba ile, na kila siku anawakalisha watoto wa wengine mezani, anawabadilishia sauti, anawaambia nani amekufa na nani yuko hai. Mnaoijua miji yetu mnajua sentensi iliyofuata. Walisema ni mchawi. Walisema anakula watoto kupitia ile meza.

Siwezi kuwaeleza vijana wa leo jinsi maneno yanavyoweza kusafiri bila simu. Kufikia mchana, bombani watoto walikuwa wanaondoa madumu yao karibu na la Kasereka. Mwalimu alimhamisha benchi. Na sisi nyumbani tulijua watoto wa aina hiyo wanapelekwa wapi: wanafungiwa chumbani, wanashindishwa njaa, wanachapwa mpaka wakiri. Wengine hawakurudi walivyokuwa. Papa alikuwa njiani na mizigo, hatukuwa na namna ya kumfikia.

Walikuja mchana wa kesho yake, jua likiwa kali juu ya mabati. Mwombezi mbele, amevaa suti, nyuma yake wanaume na wanawake wa chumba cha maombi, wanakuja kwa hatua za haraka, wanaimba. Mama alikuwa anaosha masufuria. Aliposikia zile nyimbo zinaelekea kwetu alijifuta mikono, akatoka, akasimama kwenye mlango wa parseli yetu. Haukuwa mlango wa maana, mbao mbili na pengo la kupita mtu mmoja kati ya kuta za mawe. Alisimama kwenye lile pengo. Mimi nilikwenda nikasimama naye, sijui kwa nini, miguu ilinipeleka. Kasereka alikuwa nyuma yetu, karibu na jiko, na nilisikia pumzi yake.

Mwombezi alipofika ilibidi asimame, na nyuma yake wote wakabanana wakasimama, na wimbo ukakatika katikati.

Alisema wanakuja kumchukua mtoto, kwamba wameonyeshwa ile meza katika maombi.

"Meza ni yangu," mama alijibu. "Ilitengenezwa Ndosho na seremala. Mukitaka, atawatengenezea na ninyi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akanyamaza haraka. Mwombezi akamwambia mama, kwa sauti ya upole ile ya kuogopesha, kwamba anajisumbua bure kwa mtoto ambaye hakumzaa.

"Sikumuzaa," mama alisema. "Aliyemuzaa aliniachia. Kitu cha kuachiwa mimi sitoi." Kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyeyategemea. "Kama muko na maombi, muombe hapahapa. Jua linawaka, watu wote wanaona, na mimi ni mukristo, napenda maombi. Muombe mpaka muchoke. Lakini mutoto hatoki."

Wangefanya nini? Kukataa kuomba? Mwombezi aliinua mikono, akaanza. Aliomba kwa sauti kubwa, na kila alipovuta pumzi mama alisema "Amina" kabla hajafika mwisho, kwa heshima kabisa, rozari mkononi. Jua liliwapiga kwenye visogo. Jasho lilitiririka ndani ya ile suti. Watu wa avenue walitoka kutazama; mama wa sambaza, muuza dagaa wa ziwani, aliweka beseni lake chini; mwendesha pikipiki alizima mashine. Maombi yaliendelea, lakini moto wake ulikuwa umeisha tangu pale waliposimama. Mwishowe mama aliuliza kama wanataka maji ya kunywa. Baadhi walikunywa. Mwombezi hakunywa. Waliondoka mmojammoja, bila wimbo.

Nilidhani sasa mama atalia, au atatuchapa. Alimaliza masufuria yake. Halafu alinyanyua meza kutoka mahali pake ukutani, akaivuta mpaka karibu kabisa na barabara, pale ambapo kila anayepita lazima aizunguke, akaketi.

"Leteni ile kitu yenu," alisema. "Munifundishe."

Kasereka alitandika kartoni. Alimwambia mama achague haragwe. Mama alichagua moja jeupe, kubwa. Kasereka alimwuliza mtu wake ni nani, ana kazi gani. Mama alisema yeye ni yeye, anauza maandazi, silaha yake ni mwiko wa bugali. Kasereka akaanza kusimulia kwa sauti ndogo, habari ya mtu aliyekwenda sokoni na kurudi salama. Mama akamkatiza.

"Yule munyama aliyemwangusha Bahati yuko wapi?"

Alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Watu waliokuwa wameanza kutawanyika walirudi. Kasereka alinitazama mimi. Nilimwekea kifuniko cha chupa mwisho wa kartoni, msituni.

Nilimweleza mama sheria, moja baada ya nyingine. Nilimwambia asitembee. Nilimwambia aseme anangoja. Alisema anangoja, kwa namna ya mtu aliyewahi kungoja vitu vikubwa. Mimi nami niliweka haragwe langu kando ya lake, na mchi wangu, nikasema nangoja. Kasereka akavuta pumzi. Sauti ikamtoka kwa shida, lakini ikamtoka, mbele ya avenue nzima: "Charge."

Mama alirusha dadu kama anayetupa chumvi. Ilipungua moja tu kufikia inayotakiwa. Mwendesha pikipiki akapiga ulimi kwa masikitiko. Nikasema, subirini, tuko bega kwa bega, tunaongezewa moja. Wote walimtazama Kasereka. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, maana hakuwa mtoto wa kupendelea mtu.

"Mbogo amesimama," alisema.

Mama wa sambaza aliuliza nani ameshinda. Mama akamwambia hakuna aliyeshinda bado, mnyama amekosa mbio tu, sasa ndiyo kazi inaanza. Tulicheza mpaka akakumbuka mboga jikoni.

Bahati alirudi kutoka hospitali amekonda, kichwa kimenyolewa, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama anaweza kupata mtu mwingine. Siku chache baadaye mama yake alikuja na duara zima la jibini ya Masisi, lililofungwa kwa kitambaa kisafi. Aliliweka juu ya kartoni yetu, katikati ya vita, akasema, "Ni ya watoto," akageuka akaenda. Mama alitukataza kusema lolote. "Amekuja kwa miguu yake," alisema, akachukua kisu. Kipande cha kwanza alimpa Kasereka.

Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Kuna watoto hawakurudi mezani kwetu tena. Mwombezi hakumsalimia mama mpaka alipohamia mtaa mwingine, na mama aliendelea kumsalimia yeye kila alipomwona, kwa sauti kubwa, makusudi. Kasereka kwa muda mrefu hakubadilisha sauti alipowasemea wanyama. Alisimulia kama anayesoma tangazo. Ile sauti ilimrudia kidogokidogo. Leo anafundisha Rutshuru, ana watoto wake, na barabara ikiruhusu anashuka na gunia la maharagwe kwa mama, ambaye bado yuko Katoyi na bado hampishi mtu mlangoni kwake ikiwa hajapenda.

Wanangu nao wana vita vyao. Viko kwenye simu, vina moto na rangi ambazo sisi hatukuota. Ngao inajiinua yenyewe ukibonyeza. Ukifa unabonyeza tena, unafufuka, hata Lazaro angeona wivu. Niliwaonyesha mchezo wetu siku moja umeme ulipokatika, nikawaeleza habari ya kungoja, miguu kutulia, mstari wa mbio. Kijana wangu mkubwa alisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Mama, iko trop lent." Ni kweli. Ulikuwa wa polepole. Mchana mzima tulikuwa tunazuia mnyama mmoja, tunabishana, tunanusa maandazi, tunajuana uongo na ukweli kwenye uso.

Nikipita Katoyi siku hizi saa za mchana, saa zetu zile, nawaona watoto kwenye vizingiti, kila mmoja na kioo chake, kila mmoja ameua maadui wengi kuliko jeshi zima la maharagwe yetu. Siwachukii. Lakini wale wanaokuja mbio kuchukua mtoto wa mtu hawajaisha mjini humu, na huwa najiuliza, wakifika, ni nani kati ya hawa atakuwa ameketi karibu na mwenzake kiasi cha kuinuka na kusimama naye. Kwa hiyo Jumapili hii simu za wanangu zinabaki ndani, na mimi naitoa meza nje karibu na barabara, watake wasitake.